Mapanki ya Muziki: Nyimbo Nne, Dakika Tisa

Maneno ya mpiga sanduku (besi ya sanduku la chai) wa kidumbak, muziki wa harusini wa Unguja, ambaye pia ni fundi redio, aliyoyasema uani Kikwajuni, Unguja, siku vijana wanne wa mtaa walipotoa rekodi yao fupi ya kwanza. Yameandikwa kama alivyoyasema, isipokuwa pale aliporudia.

Assalaam alaykum.

Kwanza nimshukuru Bi Mkubwa mwenye ua huu. Miezi minane hawa watoto wanapiga ngoma chumba cha pili na anapolala yeye, na leo bado kawapikia urojo. Mwengine angekwishamwita sheha zamani. Majirani, ahsanteni kuja, hata nyinyi mliokuja kuhakikisha kwamba tunamaliza kabla ya Isha. Tutamaliza. Nyimbo zao zote zikipigwa kwa mpigo hazifiki dakika kumi. Mwenye kuchelewesha watu leo ni mimi.

Nimeambiwa niseme juu ya panki. Nikauliza, panki gani? Maana mimi najua mbili. Moja ya kinyozi, nywele zinanyolewa mbavuni zinaachwa katikati kama kilemba cha jogoo. Ya pili ya Mwanza: sangara akifika kiwandani anatolewa minofu, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, na kinachobaki, kichwa, mgongo na mkia, ndiyo mapanki. Watu wanayakaanga, wanalia ugali. Huyu mpiga gitaa akacheka, akaniambia, "Babu, si hizo. Huu ni muziki, rock fupi ya haraka isiyo na mapambo." Akaniwekea nyimbo zao kwenye simu. Nikenda nazo nyumbani, nikazisikiliza usiku na sikio moja, kwa sababu la pili halinisaidii tena. Asubuhi nikarudi nikamwambia: mwanangu, ni ile ile ya pili. Minofu yote mmeitoa, imebaki mifupa. Na mwenye kujua kula samaki anajua utamu umekaa wapi.

(Kicheko.)

Basi hichi nilichokishika ndicho kilichotuleta. Kwa mliokaa nyuma, ni bahasha ya karatasi ya kaki, imekunjwa kwa mkono, imepigwa muhuri wa kuchongwa kwenye kipande cha kandambili. Ndani mna flashi, na ndani ya flashi nyimbo nne. Pale mlangoni watu wawili wameniuliza, albamu iko wapi? Hakuna albamu. Wala msidhani kwamba hii ni albamu iliyoishiwa pesa njiani. Hii ni rekodi fupi, kitu chenye asili yake na umri wake, na mimi kama fundi naweza kukuelezeni kilivyozaliwa.

Nilipokuwa kijana nikikaa kwenye kibanda cha redio Darajani, wazee walikuwa wakiniletea gramafoni. Sahani za zamani zilikuwa zinakwenda mizunguko 78 kwa dakika. Nzito, nyeusi, ukiiangusha inavunjika kama sahani ya kulia. Ile ya inchi kumi ilichukua dakika tatu na ushei kila upande, hapo imekwisha, ugeuze. Mwaka 1948 Marekani, kampuni ya Columbia ikaleta sahani ndefu ya mizunguko 33, ndiyo mama wa albamu. Mwaka wa pili yake, 1949, wapinzani wao RCA Victor wakaleta ndogo ya inchi saba, mizunguko 45, ina tundu kubwa katikati: wimbo mmoja huku, mmoja kule. Halafu 1952 hao hao RCA wakatoa kitu cha baina: umbo la ile ndogo, lakini kila upande nyimbo mbili. Wenyewe wanaiita ipii. Mimi nitaiita santuri fupi.

Kuna jambo watu hawalijui kuhusu santuri, mpaka uiweke chini ya lenzi ya fundi saa. Mistari mnayoiona si mingi. Ni mstari mmoja tu kila upande. Unaanzia ukingoni, unazunguka, unazunguka, mpaka karibu na karatasi ya katikati. Sauti ndiyo huo mstari unavyotikisika. Sauti kubwa na besi nzito zinataka mstari utikisike kwa upana, na upana unataka nafasi. Ukijaza dakika nyingi kwenye sahani moja mistari inabanana, na fundi anayeichonga hana budi apunguze sauti, besi ipungue, la sivyo sindano itaruka. Kwa hiyo mwenye maneno machache ndiye anayepewa nafasi ya kupaza sauti. Haya ni mambo ya plastiki na sindano tu, sikutafuteni kwa mafumbo.

Sasa tuingie Uingereza, panki ilikovuma.

Mwanzoni mwa 1976, mji wa Manchester na pembeni yake, walikuwapo vijana wawili wa chuo, Howard Devoto na Pete Shelley. Majina ya kisanii hayo. Wakasoma gazetini habari za bendi ya London, Sex Pistols, wakafunga safari kwenda kuwaona. Waliporudi waliwakodia hao Sex Pistols ukumbi mdogo Manchester, tarehe 4 Juni, na wao wakaanzisha bendi yao, Buzzcocks. Watu waliokuja siku ile hawakujaza hata ukumbi, lakini wengi waliokuwamo walikwenda kuanzisha bendi zao. Mwisho wa mwaka, tarehe 28 Disemba, Buzzcocks wakaingia studio, wakarekodi nyimbo nne kwa muda wa saa chache. Pesa walikopa, pauni 500, na nusu yake ilitoka kwa baba yake Pete. Hawakungoja kampuni. Walijitungia lebo yao wenyewe, wakagongesha nakala 1,000, na tarehe 29 Januari 1977 santuri fupi ikatoka. Picha ya kava ilipigwa mjini, chini ya sanamu, kwa ile kamera inayotema picha papo hapo, na aliyeipiga ndiye msimamizi wa bendi.

Wakaiita Spiral Scratch. Yaani mkwaruzo unaozunguka. Jina la santuri ni ule mstari niliokuambieni! Huyu kijana aliponifasiria nilicheka peke yangu. Miaka mingapi nausafisha mstari huo kwa kitambaa na spiriti, sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuupa heshima ya kuwa jina.

Nyuma ya kava waliandika kitu ambacho makampuni makubwa hayaandiki. Kila wimbo, ulirekodiwa mara ya ngapi. Wa kwanza, mara ya tatu, haukuongezwa kitu. Tatu zilizobaki, mara ya kwanza, gitaa likaongezwa juu yake. Basi. Msikilizaji anajua alichonunua. Na anajua kwamba na yeye anaweza. Nakala zile 1,000 zikaenda, wakagongesha nyengine, na nyengine, mpaka zikafika kama 16,000. Devoto mwenyewe alikwishaondoka kwenye bendi wiki chache tu baada ya santuri kutoka, akarudi kwenye mambo yake. Hilo nalo linanifurahisha kidogo, sijui kwa nini.

Kwenye wimbo mmoja wa santuri ile kuna mahali pa gitaa kujitapa peke yake. Bendi nyengine za zama hizo hapo ndipo mpigaji anapanda mlima na kushuka, dakika nne, macho kayafumba. Shelley anapiga sauti mbili. Mbili tu. Anazirudia mara 66. Mimi nilijaribu kuhesabu, nikapotea kwenye arubaini na kitu, nikaanza tena, nikapotea tena. Wengine watakwambia hajui kupiga. Alijua sana, baadaye alitunga nyimbo tamu mno za mapenzi. Lakini wimbo wenyewe ulikuwa wa kuchoshwa, na mtu aliyechoka hapandi mlima.

Mkinicheka kwamba nazisifu sauti mbili, nitakujibuni kwamba mimi maisha yangu yote nimepiga sanduku. Vijana wa leo mnaliona kwenye maonyesho ya watalii mnadhani ni kitu cha kale. Sanduku la chai, la mbao nyembamba, unaligeuza kichwa chini, unalitoboa juu, unapitisha uzi, unaufunga kwenye mpini. Ukiuvuta mpini uzi unakaza, sauti inapanda. Ukiulegeza inashuka. Hakuna alama ya kuonyesha wapi uvute. Mkono ndio unajua. Nimevuta mpini huo harusini kutoka baada ya Isha mpaka jogoo wa kwanza, sauti mbili, tatu zikizidi, na akina mama wanacheza hawataki kukaa. Kidole hichi hapa, angalieni, hakina alama tena. Benki waliniambia nitie kidole kwenye mashine yao, mashine ikakataa kwamba mimi ni mtu.

(Kicheko.)

Na Uingereza walikuwa nalo! Miaka ya 1950, baada ya vita, vijana wasio na pesa ya ala walichukua sanduku la chai, ufagio na uzi. Mwimbaji wa muziki huo, Lonnie Donegan, alipovuma 1956 kila mtaa ulipata kikundi. John Lennon kabla ya Beatles alikuwa na kikundi kama hicho Liverpool, na sanduku lilikuwamo. Sijasikia kwamba yuko aliyekwenda kumfundisha mwenzake. Chai ilisafiri kwenye masanduku, chai ikanywewa, sanduku likabaki tupu mbele ya masikini huku na masikini kule, na wote wakapata fikra moja. Kwa hiyo mtu anaponiambia hawa watoto wanaiga ya Wazungu, namuuliza: kipi hasa? Wimbo wao wa nne hauna besi ya umeme kwa sababu amplifaya yao iliungua mwezi wa Mfunguo Tatu. Mnayoisikia mle ni sanduku.

Tuseme na taarab, kwa sababu najua mnaifikiria. Taarab iliingia kwa mlango wa jumba la mfalme. Sayyid Barghash alipenda muziki wa Misri, akampeleka mtu Cairo kujifunza ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa, na wapo mpaka leo, Mungu awaweke. Mkienda kuwasikiliza mnakaa kwenye viti, mnaanza na bashraf isiyo na maneno, fidla zinaamkiana, ganuni inajibu, udi unaingia taratibu, na mwimbaji hana haraka. Wimbo mmoja robo saa, watu wanainuka kwenda kutunza, wanarudi, bado anaendelea. Sina neno nao. Nina jamaa zangu mle, msije mkanichongea.

Lakini sisi wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, tulifanya nini na muziki ule? Tuliuchuna. Bashraf tukaiacha. Ganuni hatuna. Tukabaki na fidla moja, vidumbaki viwili mapajani mwa mpigaji mmoja, mkwasa wa vijiti, cherewa za kutikisa na sanduku. Beti zilizopendwa tukazichukua, tukaziunganisha moja baada ya moja bila kupumzika, mwendo tukauongeza mpaka nyonga ikubali. Hiyo ndiyo kidumbak. Ni mapanki ya taarab. Waliokaa kwenye viti walisema ni kelele za watu wasiosoma.

Huko nako mambo yalikuwa hivyo hivyo. Rock ya katikati ya miaka ya sabini ilikuwa imenenepa. Taa, moshi, sauti juu ya sauti, nyimbo za upande mzima wa sahani. Na mkubwa mmoja wa unene huo ni wa kwetu, Farrokh Bulsara, kazaliwa hapa mjini 1946, dunia inamwita Freddie Mercury. Mwaka 1977 bendi yake Queen ilikuwa ikirekodi London katika studio za Wessex, na kwenye jengo lile lile wakati ule ule walikuwamo Sex Pistols. Hebu fikirini ukumbi wa jengo lile. Mtoto wa Mji Mkongwe anatoka na nyimbo zake za tabaka tabaka kama mkate wa mofa uliopangwa, na huku wanapita vijana wenye pini kwenye makoti, nyimbo zao mfupa mtupu. Mimi ningekuwa nauza chai mlangoni pale ningewauzia wote.

Bendi ya Ramones ya New York iliwatangulia hawa wa Uingereza. Albamu yao ya kwanza, 1976, ina nyimbo 14 na haifiki nusu saa. Harusi ya kwetu, nusu saa bwana harusi hajashuka kwenye gari.

Nisipite bila ya kusema juu ya matusi, maana Ustadhi amekaa pale ananiangalia. Ndiyo, Sex Pistols walitukana kwenye televisheni, Disemba 1976, saa ambayo watoto wako macho, na nchi nzima ikazungumza. Mimi matusi yananichosha. Si kwa ucha Mungu tu. Tusi linakwisha upesi, ukilisikia mara ya pili halina kitu. Mtu wa Unguja akitaka kukuumiza anakutungia fumbo, unakwenda nalo nyumbani, unalala nalo, saa tisa za usiku ndipo unaposhtuka, "Kumbe mimi!" Hawa wetu hawakutukana. Wimbo wa pili ni wa maji ya mfereji: ndoo imekingwa tangu usiku, mfereji unatoa upepo, mama anausikiliza unavyokoroma. Dakika moja na sekunde arubaini. Neno lenyewe ni moja, "Unakuja?", linarudiwa. Nilipolisikia mara ya kumi sikujua tena kama anaulizwa mfereji, au anaulizwa mtu wa ofisini, au mume.

Siti binti Saad angewaelewa. Kazaliwa Fumba 1880, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, akija mjini kwa miguu kuuza vyungu. Mwaka 1928 akapelekwa Bombay yeye na wenzake, Mbaruk, Subeti, Budda na Mwalimu Shaaban, kwenda kurekodi sahani kwa Kiswahili, na hakuna mwanamke wa mwambao huu aliyemtangulia. Sahani za dakika tatu, nilizokuambieni. Yeye aliyezoea usiku kucha, muda wa kuvuta pumzi hana, na humo humo kwenye dakika tatu akatia mahakama zinazomwonea mnyonge, akatia wanaume wanaopiga wake zao. Mstari unazunguka, sindano inakaribia katikati, na maneno yote yameshaingia. Ufupi haukumpunguzia kitu.

Sasa niseme langu, nisionekane nasoma ya watu tu.

Katikati ya miaka ya themanini kikundi chetu kilirekodi. Si hapa, tulivuka na boti. Kulikuwa na mtu mmoja ana studio, simtaji, hayupo tena duniani, Mungu amsamehe. Tukaingia asubuhi, tukatoka Alasiri, nyimbo sita. Akazisikiliza, akazipenda, akatwambia: kaseti inataka nyimbo kumi na mbili, A sita, B sita. Leteni sita nyengine ndipo niitoe. Sisi tukaona sawa, nani anataka kaseti nusu? Tukarudi. Mwaka ule nauli ikapanda. Mwaka wa pili mpiga fidla wetu akaenda Pemba kuchuma karafuu, akapata mke Wete, akakaa. Wa tatu, mwimbaji akaugua. Kila nikivuka nampitia yule bwana, na kila nikimpitia ananiambia, "Bado sita, fundi. Bado sita." Nikawa napigiwa mzaha barzani, wananiita Bado Sita. Wako mpaka leo wazee wanaoniita hivyo na watoto wao hawajui kwa nini.

Mwimbaji akafariki. Nikavuka nikasema, basi nipe hizo sita zenyewe, nibaki na sauti yake. Akatafuta, akanipa kaseti imeandikwa jina letu kwa wino wa buluu. Nikaifunga kwenye leso, nikavuka nayo, nikenda moja kwa moja kibandani Darajani, sikupita hata nyumbani. Nikaitia kwenye mashine. Ulikuwa mpira. Mtangazaji anatangaza mpira wa redioni, dakika arubaini na tano, upande wa pili dakika arubaini na tano. Mkanda ulikuwa haba zama zile, watu walikuwa wakirekodi juu ya kitu. Niliusikiliza mpira wote, pande zote mbili, nikisema huenda mwishoni pamebaki chochote. Hapakubaki.

Kwa hiyo huyu mpiga ngoma aliponijia mwezi uliopita akaniambia, "Babu, tunazo nne, tungoje tufikishe kumi?", nilimkamata mkono. Pengine nilimkamata kwa nguvu, mwanangu nisamehe.

Yalitokea hayo hayo Washington, 1980. Bendi ya watoto wa skuli, Teen Idles, ilivunjika. Kwenye kasha walikuwa na dola kama 600 za maonyesho yao yote. Wangegawana, kila mtu akachukua chake akanunua viatu. Wakasema hapana, tutoe santuri, nyimbo nane fupi kwenye sahani ya inchi saba, nakala 1,000, ya bendi ambayo haipo tena! Hawakujua kava linatengenezwa vipi. Walichukua kava la santuri nyengine, wakalibandua gundi, wakalitandaza chini, wakachora pembeni yake kwa penseli, ndiyo ikawa ruwaza, kama fundi cherahani anavyofumua kanzu ya zamani akashona mpya. Wakakata na kubandika kwa mikono yao. Lebo ile waliyoanzisha, Dischord, ipo mpaka leo.

Na Johannesburg, zama za ubaguzi, ndugu wawili wa Soweto, Gary na Punka Khoza, walikuwa na bendi na kijana wa Kizungu, Ivan Kadey, wakati sheria haikuwaruhusu hata kuishi nyumba moja. National Wake. Yao ilikuwa albamu kamili, 1981. Ziliuzika nakala kama 700, kisha ikaondolewa madukani kwa shinikizo la wakubwa. Ndugu wale wawili wameshafariki. Lakini 700 zilikuwa zimeshatoka mlangoni, ziko majumbani mwa watu, hakuna wa kwenda kurekodi mpira juu yake. Miaka thelathini baadaye ikatolewa upya.

Wetu walifanya bahasha sitini. Mnaziona hapo mezani ni hamsini. Nieleze. Gundi ilikuwa aghali, Bi Mkubwa akawapikia uji wa unga wa ngano, ule tuliokuwa tukibandikia vishada. Wakabandika sitini, wakazipanga dirishani zikauke, wakaenda kulala. Asubuhi chungu walikuwa wamepanga safu kutoka uani mpaka dirishani. Kumi wamezila mpaka karatasi. Nawausieni: mara nyengine tieni chumvi kwenye uji, au kamueni ndimu. Hili nalijua tangu zama za vishada, lakini hawakuniuliza.

Limebaki moja, na hili ndilo nililokujia. Kaseti zetu za kidumbak zilizokuwa zikiuzwa mjini zilikuwa zimeandikwa jina la mwimbaji na jina la duka. Mwimbaji na duka. Leo watu wanatoka mbali wanakuja na mashine zao, wananiuliza, "Mzee, huyu anayepiga vidumbaki hapa ni nani?" Namsikia mkono wake, namjua kama ninavyoijua sauti ya mke wangu, tulikula sahani moja. Lakini yule mgeni hana pa kusoma. Nikifa mimi, yule mpigaji anakuwa "haijulikani". Wale wa Manchester walioandika mara ya ngapi na nani kapiga nini walikuwa na kava dogo kama kiganja, na nafasi ikatosha. Kwa hiyo andikeni. Nani kavuta, nani kapiga, nani kapika uji. Niliwaambia hawa siku ya kwanza, nikawaambia siku ya pili.

Hebu tusome pamoja wameandika nini. Nipeni miwani. Ahsante.

"Wimbo wa kwanza: mara ya tatu." Vizuri. "Wimbo wa pili: mara ya kwanza, mfereji ni wa kweli." Kumbe ule mkoromo ni mfereji wa uani humu! Bi Mkubwa, mfereji wako umeingia kwenye rekodi. "Wimbo wa tatu: mara ya saba, umeme ulikatika mara mbili." Vizuri sana, ndivyo inavyotakiwa. Majina ya wanne wote yapo, kila mtu na ala yake. "Uji: Bi Mkubwa." Alhamdulillah. "Wimbo wa nne: mara ya kwanza. Sanduku..."

"Sanduku: Babu."

(Kicheko kirefu.)

Babu! Babu nani? Kikwajuni hii ina mababu mia mbili. Nimesimama hapa nusu saa nzima nasema juu ya majina.

Nani ana kalamu? Hiyo ya buluu, leta. Nyinyi fungeni waya zenu, jaribuni spika, hiyo ya kushoto inakwaruza, mmeikaza vibaya. Mimi nakaa hapa mezani naandika. Moja hii tayari. Bado arubaini na tisa.